Mtoto wa Mbwa: Amenenepa au Amevimba?

Leo nataka tuzungumze habari za mnyama aliye karibu katika kila kijiji cha nchi zetu, wala hatajwi sana katika mazungumzo ya ufugaji. Twasikia habari za ng'ombe, mbuzi, kuku na nyuki. Lakini yule alalaye nje usiku ili hao wengine walale salama, yaani mbwa, habari zake ni chache. Na katika maisha ya mbwa uko wakati mmoja ambao ukiharibika ni vigumu kuutengeneza tena, nao ni miezi yake ya kwanza ya kukua. Swali letu la leo ni hili: mwenye mtoto wa mbwa atajuaje kama mnyama wake ana uzito umpasao, au amekonda, au amenenepa kupita kiasi?

Labda mtu atasema, "Hilo nalo ni swali? Si kumtazama tu?" Mimi nami nilidhani hivyo zamani, na kudhani kwangu kulinipa hasara.

Nilipokuwa mtoto wa shule, kwetu katika milima ya Upare, babu yangu alikuwa na shamba la mahindi kando ya msitu. Mchana walishuka nyani, na usiku walikuja nguruwe wa mwitu. Mbwa wake wa zamani akafa kwa uzee. Wakati wa vuli babu akapata mtoto wa mbwa kwa jirani, akaniita akaniambia, "Mjukuu wangu, huyu ni wako kumlea. Mahindi ya masika yakizaa, awe tayari kulinda." Nikafurahi sana. Kila jioni nilimpa ugali mpaka akashindwa kula, na tumbo lake likawa la mviringo kama kibuyu. Kila aliyepita uani kwetu alimsifu, nami nikajiona mfugaji hodari.

Siku moja akaja mzee mmoja mwindaji kumwamkia babu. Akamtazama yule mtoto wa mbwa, kisha akainama akampapasa mbavu. Akaniuliza, "Kijana, mbwa huyu wampa nini?"

Nikamjibu, "Shikamoo, babu. Nampa ugali, tena hushiba sana. Tazama tumbo lake."

Akasema, "Marahaba. Tumbo nimeliona. Lakini lete mkono wako hapa mgongoni. Huyu hakunenepa, mjukuu wangu. Huyu amevimba."

Nikapeleka mkono, nikaona mifupa ya mgongo imesimama kama meno ya msumeno chini ya manyoya. Nilikuwa nimemlisha kwa muda wa wiki sita, wala sikupata kumpapasa hata mara moja. Babu akaahidi kutafuta dawa siku ya soko; lakini kabla ya siku ya soko kufika yule mbwa alitapika minyoo mirefu myeupe, na siku ya pili yake akafa. Masika yale tulilinda shamba wenyewe, babu usiku na mimi mchana, na siku nyingi sikuonekana darasani. Hata hivyo nyani walikula sehemu kubwa ya mahindi.

Basi neno langu la leo ni moja tu, na yote nitakayosema yatarudi kwake: tumbo la mtoto wa mbwa si shahidi wa kuaminiwa. Mashahidi wa kweli ni watatu, nao ni jicho, mkono na mizani. Na katika hao mkono ndio mkubwa.

KWA NINI TUMBO HUDANGANYA

Tumbo la mtoto wa mbwa huweza kuwa kubwa kwa sababu mbalimbali. Ya kwanza haina ubaya: amekula sasa hivi. Mtoto wa mbwa hula kwa pupa, na mara baada ya kula tumbo lake huvimba. Lakini baada ya saa chache hupungua. Sababu ya pili ni minyoo. Ya tatu ni chakula cha namna moja tu, kama ugali mtupu au uji mtupu, ambacho hujaza tumbo wala hakijengi mwili. Ninyi mliowahi kumwona mtoto wa binadamu mwenye utapiamlo, miguu myembamba na tumbo limetokeza, mwaelewa maneno haya bila maelezo mengi.

Kwa hiyo usimpime mtoto wa mbwa baada ya chakula. Mpime asubuhi, kabla hajala kitu. Ikiwa asubuhi tumbo ni jembamba na mwili umejaa, ile shibe ya jana ilikuwa shibe ya kweli. Ikiwa asubuhi tumbo lingali mviringo, na mgongo na mbavu zimejitokeza, basi jua kwamba kilichomo tumboni si chakula.

SHAHIDI WA KWANZA: JICHO

Msimamishe mbwa mahali palipo sawa, katika mwanga wa kutosha. Asiwe amekaa wala kulala, maana umbo lake halionekani vema. Mtazame mara mbili.

Kwanza simama juu yake umtazame mgongoni. Mbwa mwenye kiasi chema, nyuma ya mbavu mwili wake huingia ndani kidogo, ukafanya kiuno, kisha hupanuka tena kwenye nyonga. Kiuno kikiingia sana kama shingo ya chupa, amekonda. Ikiwa hakuna kiuno kabisa, na mwili umenyoka kama gogo au umetokeza pande mbili, amenenepa kupita kiasi, au amevimba.

Kisha chuchumaa umtazame ubavuni. Mstari wa chini ya mwili wake, kutoka kifuani kwenda kwenye miguu ya nyuma, wapasa kupanda kidogo. Usipopanda, au ukining'inia chini, pana jambo la kuchunguza.

Lakini yakumbukeni mambo matatu. Mtoto aliye chini ya miezi 2 mwili wake ni wa mviringo kwa asili, na kiuno chake hakijaonekana vema. Tena, mbwa anapofikia umri wa miezi 4 hata 7 miguu yake hukimbilia kurefuka, akaonekana mrefu na mwembamba kama kijana aliyebalehe juzi. Hilo peke yake si ugonjwa. Na wako mbwa ambao ukoo wao wote ni wembamba, kama saluki, mbwa wa mbio wa Waarabu, ambaye mbavu zake chache huonekana ingawa ana afya njema. Kinyume chake wako wenye manyoya marefu, ambao manyoya hayo huficha ukondefu wao wote. Ndiyo sababu jicho peke yake halitoshi.

SHAHIDI WA PILI: MKONO

Hapa nataka kila msikilizaji, na kila mwanafunzi asomaye darasani, afanye jambo dogo sasa hivi. Fumba mkono wako wa kushoto uwe ngumi. Kwa vidole vya mkono wa kuume papasa vifundo vya ile ngumi. Waona jinsi mifupa ilivyo mikali na mabonde yalivyo katikati yake? Mbavu za mbwa zikiwa hivyo chini ya vidole vyako, mbwa huyo amekonda.

Sasa kunjua mkono, unyoshe vidole, upapase mgongo wa kiganja. Mifupa waipata kila mmoja, waweza kuihesabu bila kubonyeza kwa nguvu, lakini juu yake ipo nyama kidogo inayoifunika. Mbavu zikiwa hivyo, mbwa huyo ana kiasi chema.

Mwisho geuza kiganja, upapase ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba. Mfupa umo ndani, lakini huupati mpaka ubonyeze. Mbavu zikiwa hivyo, mbwa amenenepa kupita kiasi.

Hicho ndicho kipimo, na kila mtu amekizaliwa nacho. Waganga wa wanyama nao hufanya hivyo hivyo, ila wao huandika kwa hesabu, alama 1 hata 9. Alama 1 ni mbwa ambaye mifupa yake yote yaonekana kwa mbali. Alama 9 ni mbwa aliyefunikwa na mafuta mwili mzima. Na kiasi chema ni alama 4 au 5. Wewe huna haja ya hesabu hizo. Ngumi, mgongo wa kiganja, na nyama ya gumba: maneno hayo matatu yatosha.

Ukimaliza mbavu, pitisha mkono juu ya uti wa mgongo na juu ya mifupa ya nyonga, maana huko ndiko ukondefu usikoweza kujificha. Mbwa mwenye minyoo huweza kuwa na tumbo kama la tajiri, lakini mgongo wake ni wa maskini.

Najua wako wasikilizaji, hasa katika miji ya pwani, ambao dini yao huwaagiza kujiepusha na mate na unyevu wa mbwa, nao humfuga kwa ajili ya ulinzi wa mifugo na mashamba. Mtu wa namna hiyo aweza kuvika mkono wake kitambaa kikavu chembamba. Kitambaa hakizuii vidole kuhesabu mbavu.

SHAHIDI WA TATU: MIZANI

Jicho na mkono hukuambia hali ya leo. Mizani hukuambia njia anayopita mbwa tangu wiki nyingi, kama anapanda, amesimama, au anashuka. Kwa mtoto anayekua, kusimama tu ni kurudi nyuma.

Usiseme kwamba huna mizani. Dukani iko mizani ya sukari, na mahali wanunuapo mazao iko mizani ya kutundika. Omba ruhusa. Pima kwanza kikapu kitupu, kisha mtie mtoto wa mbwa kikapuni upime tena, na tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo uzito wake. Ikiwa mizani ni ya kusimama juu yake, jipime wewe kwanza, kisha jipime ukiwa umempakata mbwa, utoe hesabu ya kwanza katika ya pili. Mwanafunzi wa darasa la pili aweza kuifanya hesabu hiyo, na itamfaa kuliko nyingi za kitabuni. Mpime kila wiki siku ile ile, asubuhi, kabla hajala, ukaandike katika daftari.

Sasa mtaniuliza, mbwa wa umri fulani awe na kilo ngapi? Jibu ni kwamba hakuna hesabu moja ya mbwa wote, kwa kuwa wako mbwa wadogo wasiopita kilo 3 katika utu uzima wao, na wako wakubwa wapitao kilo 60. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza michoro ya kukua kwa watoto wa mbwa, waliyoifanya kwa kukusanya uzito wa mbwa wengi sana waliopimwa na waganga wa wanyama huko Marekani. Na hata wao walilazimika kuchora mchoro wake kwa kila ukubwa wa mbwa, na kutenga madume na majike. Kwa mbwa wetu wa kijijini, ambao ni wa kadiri, mwangalie mama, na baba kama ajulikana, utabashiri mtoto atafika wapi.

Lakini yako mambo yanayofaa kwa wote. Mtoto mchanga mwenye afya huongezeka kila siku, na kabla ya wiki 2 kwisha uzito wake huwa mara mbili ya ule aliozaliwa nao. Mbwa wa kadiri hufikia nusu ya uzito wa utu uzima akiwa na miezi 4 au 5. Baada ya hapo mwendo hupungua. Mbwa wadogo humaliza kukua kabla ya mwaka kwisha au karibu na hapo, na wale wakubwa sana huendelea hata mwaka mmoja na nusu au miwili.

Tuseme una mtoto wa mbwa ambaye mama yake ana kilo 14 hivi. Wiki ya 8 daftari lako lasema kilo 3. Wiki ya 9, kilo 3 na gramu 400. Wiki ya 10, kilo 3 na gramu 800. Wiki ya 11 yasema vile vile, kilo 3 na gramu 800. Wiki ya 12, kilo 3 na gramu 700. Ukimtazama kwa jicho hutaona tofauti yo yote kati ya wiki ya 10 na ya 12. Bado acheza, bado ala, na tumbo lake bado mviringo. Lakini daftari limekwisha kupiga kelele. Hapo ndipo pa kumwendea Bwana Mifugo, si wiki ya 15 atakaposhindwa kusimama.

Na ikiwa hujui siku aliyozaliwa, tazama meno yake. Meno ya kwanza huanza kuota katika wiki ya 3 au ya 4, nayo ni 28, membamba na makali kama miiba. Karibu na mwezi wa 4 yale ya mbele huanza kung'oka, na kufika mwezi wa 7 huwa na meno yake yote ya utu uzima, ambayo ni 42.

WEZI WALIOMO TUMBONI

Sasa turudi kwa yule mbwa wangu wa Upareni. Minyoo aliyoitapika ni ya namna inayopatikana kwa watoto wa mbwa wengi sana ulimwenguni kote, na ajabu yake ni kwamba mtoto hawezi kuikwepa kwa usafi peke yake. Minyoo hiyo hukaa imelala katika mwili wa mama, na mama akishika mimba huamka ikaingia katika watoto waliomo tumboni. Mingine hupita katika maziwa. Basi mtoto aweza kuzaliwa akiwa na wezi wake tayari. Kazi ya wezi hao ni kula kile akilacho, hata mfugaji akiongeza chakula, minyoo ndiyo inayonenepa.

Iko minyoo mingine midogo, ya jamaa ya ile ya safura, ambayo huuma utumbo na kunyonya damu. Ili kuitambua, inua mdomo wa mbwa utazame ufizi. Ufizi wenye afya una rangi nyekundu nyepesi. Ukiwa mweupe, damu imepungua, na hilo si jambo la kungojea siku ya soko.

Dawa zipo, wala si ghali kama mbwa mwenyewe. Desturi ya waganga wa wanyama ni kumpa mtoto dawa ya minyoo tangu wiki ya 2 ya umri wake, kisha kila baada ya wiki 2 hata afike wiki ya 8, kisha kila mwezi hata miezi 6. Na mama naye hupewa pamoja na wanawe. Lakini kipimo cha dawa hufuata uzito wa mbwa. Ikizidi yaweza kumdhuru, na ikipungua minyoo haifi. Hapo tena daftari lako hufaa, kwa maana Bwana Mifugo atakuuliza kwanza, "Ana kilo ngapi?" Usimnyweshe mafuta ya taa wala maji ya tumbaku, maana hizo ni sumu, huua mbwa kabla ya minyoo.

Jambo hili lawahusu na watu pia. Mayai ya minyoo ile mirefu hutoka katika mavi ya mbwa, yakakaa katika udongo, na baada ya wiki chache huwa tayari kumwingia anayeyameza. Mtoto mdogo achezaye uani na kutia vidole kinywani aweza kuyameza, na minyoo midogo itokayo humo hutembea mwilini mwake, hata mara nyingine ikafika jichoni na kuharibu uwezo wa kuona. Basi mavi ya mbwa yafukiwe mbali kila siku, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Anayemtibu mbwa wake amewalinda wanawe pia.

CHAKULA KIJENGACHO

Mtoto wa mbwa huanza kuonja chakula laini akiwa na wiki 3 au 4, naye huachishwa maziwa kidogo kidogo. Asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8. Wengi huwachukua wakiwa na wiki 4 kwa kuogopa kutanguliwa na wengine, kisha hushangaa kwa nini wanakonda.

Tumbo lake ni dogo na haja yake ni kubwa, kwa hiyo apewe chakula kidogo mara nyingi: mara 4 kwa siku hata miezi 3, mara 3 hata miezi 6, kisha mara 2. Mlo mmoja mkubwa wa jioni, kama niliompa wangu, humjaza bila kumjenga.

Ugali si mbaya, lakini usiwe peke yake. Changanya na dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao, au mayai yaliyopikwa, au nyama, au maharagwe yaliyopikwa yakaiva sana. Nyama tupu nayo haifai, kwa sababu haina chokaa ya kutosha ya kujenga mifupa, na mbwa aliyelelewa kwa nyama tupu huweza kupinda miguu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengine. Ukiona hivyo, yaache. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika ikawa kama sindano, wala vitunguu, ambavyo huharibu damu yake. Tena, mkichinja mbuzi au kondoo mkaona vifuko vya maji katika ini au mapafu, msimtupie mbwa. Vichomeni au vifukieni chini sana, kwani humo hutoka tegu ambaye mayai yake humletea mwanadamu uvimbe mkubwa wa ini au mapafu.

KUNENEPA KUPITA KIASI

Katika vijiji vyetu wengi huwakondesha mbwa wao. Lakini mijini wako wanaowaharibu kwa wingi wa chakula, wakidhani kwamba mtoto mnene atakuwa mbwa mwenye nguvu. Sivyo. Mwaka 1974 walitangaza wataalamu habari za majaribio ya watoto wa mbwa wa ukoo wa Great Dane, ambao ni wakubwa sana. Wale walioachwa kula chakula kizuri kadiri wapendavyo walikua upesi kuliko wenzao waliopimiwa, lakini walipata magonjwa mengi zaidi ya mifupa na viungo. Mwili uliongezeka kabla mifupa haijawa tayari kuubeba.

Jaribio jingine lilitangazwa huko Marekani mwaka 2002. Walichukuliwa watoto 48 wa mbwa wa ukoo wa Labrador, wakagawanywa wawili wawili, ndugu kwa ndugu wa uzao mmoja. Mmoja alilishwa chakula chake, na nduguye akapewa chakula kile kile kikiwa kimepunguzwa robo, tangu walipokuwa na wiki 8 hata kufa kwao. Wale waliopunguziwa waliishi miaka 13 kwa kadiri, na wenzao miaka 11 na sehemu kidogo. Tena maumivu ya viungo yaliwafikia wakiwa wamechelewa. Lakini angalieni, wale waliopunguziwa hawakuachwa na njaa. Walikuwa ni mbwa ambao mbavu zao hupatikana kwa mkono, kama mgongo wa kiganja.

Basi ukiona mtoto wako wa mbwa ni kama nyama ya gumba, usimnyime chakula ghafula, kwa maana angali anakua. Punguza kidogo, acha kumrushia makombo, umwache akimbie. Na baada ya wiki 2 umpapase tena.

DALILI ZISIZONGOJA

Mpeleke mtoto wa mbwa kwa mganga wa wanyama bila kukawia ukiona haya: amekataa chakula siku nzima, anaharisha damu, anatapika mara kwa mara, ufizi wake ni mweupe, macho yameingia ndani, na ngozi ya mgongoni ukiivuta hairudi upesi, au mizani imeshuka. Watoto wa mbwa hawana akiba mwilini, na kinachomdhoofisha mbwa mzima kwa wiki moja chaweza kumwua mtoto kwa siku mbili. Mtakapokuwa kwa mganga, ulizeni pia habari za chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili kwa mbwa au kwa mtu, karibu hapana anayepona.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mpime mtoto wa mbwa asubuhi, kabla hajala.
2. Mtazame kutoka juu na kutoka ubavuni: ana kiuno, na tumbo lapanda nyuma?
3. Papasa mbavu: ni ngumi, mgongo wa kiganja, au nyama ya gumba? Kisha papasa mgongo.
4. Mweke mizanini kila wiki, ukaandike.
5. Tumbo kubwa pamoja na mgongo mkali maana yake si shibe. Tafuta dawa ya minyoo.
6. Lisha kidogo mara nyingi, na ugali usiwe peke yake.
7. Fukia mavi, na watoto wanawe mikono.

Wasikilizaji wapenzi, miaka mingi baada ya yule wa kwanza nilipata mtoto mwingine wa mbwa, wa rangi nyekundu, mwenye sikio moja lililolala. Watu walipopita uani hawakumsifu, maana hakuwa na tumbo la kusifiwa. Lakini kila Jumamosi alikwenda dukani kikapuni, na mwenye duka akanicheka, kisha akazoea, kisha akawa ananiuliza yeye mwenyewe, "Leo ameongeza ngapi?" Masika ya pili nyani waliposhuka alikuwa na kilo 15, na mahindi tuliyavuna sisi.

Kwa hiyo wewe uliye na mtoto wa mbwa uani, usiende kulala leo kabla hujapeleka mkono mgongoni mwake. Kwaherini.